Fundi Aliyeuza Dakika

Nianze na lile baya lenyewe, nisije nikalizunguka mpaka mwisho: nduru iliyowaleta watu juu yake niliipiga mimi. Watu wa huku wananiita Mama Kambi kwa sababu nina uwanja pembeni mwa msitu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, ambako wageni huegesha magari yao ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, wakakaa siku mbili tatu kutazama ndege na nyani. Yeye sitamtaja jina. Kwa miaka kumi na miwili nilimwita Fundi, naye akaitika, na hata kwenye simu yangu aliandikwa hivyo hivyo, Fundi Kufuli.

Kazi yake ilikuwa kuuza kufuli na kukata kufuli. Alikuwa na mkasi wa chuma, ule mkubwa wenye mikono mirefu ambao ukiubana unakata mnyororo, na aliupaka rangi ya njano inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuwahi kuutia ndani ya gunia. Aliubeba begani mchana kweupe, akipita katikati ya njia, akisalimia kila anayekutana naye, "Mulembe! Mulembe!" na bila kuulizwa anatangaza anakokwenda: naenda kwa mwalimu wa Shieywe, amepoteza ufunguo wa stoo, naenda kwa mama wa duka la mbolea, kufuli imeshika kutu. Saa kumi ikifika amefunga kazi. Ungempigia saa kumi na nusu umefungiwa nje ya nyumba yako na mvua inanyesha, angekuambia lala kwa jirani.

Mimi nilidhani ni kelele za mtu anayetafuta wateja. Siku moja nikamtania, "Wewe Fundi, unatangaza kushinda redio. Kwani kila mtu lazima ajue unakoenda?"

Alisimama, akaushusha mkasi chini. Alikuwa mtu wa kucheka sana, lakini siku hiyo hakucheka.

"Mama Kambi, mkasi kama hii ukipatikana nayo mahali hawakujui, unachomwanga kabla hujasema jina yako. Mimi nikitembea nayo, nimebeba roho yangu hapa." Akagusa bega. "Sasa wacha watu wajue roho yangu inaenda wapi."

Nikamwambia aache kunitisha mchana. Lakini nilijua anasema kweli, maana sote tunaishi huku na sote tumeona majivu ya tairi barabarani asubuhi, tukayaruka, tukaendelea na safari zetu sokoni.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya maduka ya vyuma mjini, na mtu aliyekwenda kununua kufuli mara ya kwanza alitoka akinung'unika. Fundi hakukubali kukuuzia kitu kabla hujakiona kikikatwa. Alichukua kufuli ya aina ile unayoitaka, nzima kabisa, akaibana kwenye jiliwa lililofungwa mezani, akakwambia utoe simu uhesabu muda. Kisha akaanza. Kwanza kwa mkasi, kisha kwa grainda ikiwa mkasi umeshindwa, cheche zikiruka mpaka barazani. "Hii ni ya sekunde nne," anasema, na vipande viko chini. "Hii ndogo ya shaba, usinunue, hii ni mapambo. Hii nene, dakika mbili. Hii yenye imefunikwa masikio, mwizi akiwa na haraka ataiacha, akiwa na nafasi ni dakika ishirini."

"Na yenye haikatiki?" mteja anauliza.

"Hiyo haijazaliwa. Mimi nauza dakika."

Halafu linakuja lile swali lake, ambalo lilimpotezea wateja wengi kuliko bei. "Na ndani ya hizo dakika, nani atakuja?" Mtu akisema nina mbwa, anauliza mbwa anajulikana na nani. Mtu akisema hakuna, ninaishi peke yangu na majirani siwajui, Fundi anarudisha ile kufuli ya dakika ishirini rafuni na kumpa ya dakika mbili. "Enda kwanza usalimie watu," anamwambia. "Ukishajuana nao, rudi nikuuzie kubwa." Jamani! Mfanyabiashara gani huyo? Nilimgombeza mara ngapi, na kila mara alinijibu kwamba kufuli kubwa kwa mtu asiye na jirani ni kumpa mwizi nafasi ya kuketi.

Kukata nako kulikuwa na masharti. Hakukata kufuli ya mtu mpaka jirani mmoja au liguru, yule mzee wa kijiji anayejua boma la kila mtu, awe amesimama pale. Na kabla ya kugusa chuma alimwuliza mwenye mali, mbele ya shahidi, kuna nini ndani. Ukitaja na kikapatikana, sawa. Ukikosea, anakusanya vyombo vyake. Kuna bwana mmoja wa Shieywe, mtu wa ofisi, suti na viatu vinang'aa, alimwita kumkatia mlango akisema ni wake na ufunguo umepotea. Fundi akauliza nyuma ya mlango kuna nini. Bwana akasema viti vya sofa, vyekundu. Jirani aliyeitwa akacheka, akasema nyumba hiyo ni ya shemeji yake huyo bwana, mjane, wako kortini, na viti ni vya kijani. Fundi aliubeba mkasi akaondoka. Yule bwana alimfuata nyuma akimtukana mpaka barabarani, na Fundi huku anasalimia watu, mulembe, mulembe.

Na bado masharti hayo hayo aliyavunja mwenyewe, mbele yangu. Mama mmoja kutoka Matungu alikuja na sanduku la bati la marehemu mumewe, amelipakia kwenye pikipiki, pamoja na shemeji yake. Alitoa salamu, asalaam aleikum, na Fundi, ambaye ni Mkristo wa kwenda kanisani siku za harusi tu, akaitikia vizuri kabisa. Akauliza swali lake. Mama akasema hajui kilichomo, mumewe hakuwahi kulifungua mbele yake.

"Basi sema kile unataka kiwe ndani," Fundi akamwambia.

Mama akafikiri. "Picha yake. Sina hata moja."

Fundi akakata. Kisha akageuka akatazama ukuta mpaka mama alipolifunga tena sanduku na kuondoka. Mpaka leo hajui kama picha ilikuwamo. Nilipomwuliza kwa nini hakuchungulia, alinikasirikia, akaniambia mimi nina macho ya mwizi. Tulicheka. Siku hizo tulicheka.

Alikuwa mtu wa Malinya, huko Ikolomani, kwenye viwanja vya fahali kupigana, na hakwenda kuwatazama hata siku moja. Watu wa kwao walimwona mgeni kwa hilo. Ndugu zake wakipita asubuhi na matarumbeta na matawi, fahali mbele, vumbi nyuma, yeye aliingia ndani akafunga mlango. Nilimwuliza kama anaogopa pembe. Akasema pembe haziogopi. Anaogopa wale wenye miguu miwili wanaokimbia nyuma.

Ndipo akanieleza, mara moja tu, na hakurudia. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuchomelea vyuma huko upande wa Butali, kwenye miwa. Alikuwa na mwenzake, fundi kama yeye, aliyetumwa siku moja kukata mnyororo wa trekta lililokwama. Alipita njia ya mkato ndani ya miwa akiwa na msumeno mfukoni. Watu waliokuwa wakitafuta mwizi wa ng'ombe wakamkuta. Fundi alifika wakati wamemzunguka.

"Nilimjua," akasema. "Nilijua ameenda kufanya nini. Nikiangalia kulia, watu. Nikiangalia kushoto, watu. Na wote wananiangalia mimi, kwa sababu mimi pia nimevaa overoli kama yake."

Nikamwuliza, na wewe ukafanya nini?

"Nilirusha jiwe," akasema. "Dogo. Moja tu."

Nikamwuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo, na sukari nyingi.

Kwenye kambi yangu alikuwa kama mtu wa nyumbani. Kila gari jipya likiingia nilimwita, naye akaja kesho yake na mkasi wake wa njano kuwafundisha wageni namna ya kukaa. Aliwaonyesha jinsi ya kurudisha gari nyuma mpaka mlango wa mizigo ukutane na mti, usiweze kufunguka. Aliwapitishia mnyororo mmoja kwenye baiskeli, viti na mtungi wa gesi, ili anayetaka kimoja avute vyote na vipige kelele. Aliwakataza kuficha ufunguo juu ya gurudumu. "Hapo ndipo kila mtu anawekanga. Mwizi anaanzianga hapo." Na akishamaliza vyuma, aliwachukua wageni kwa miguu, wazungu na watu wa Nairobi vilevile, akawazungusha nyumba nane au tisa zilizo karibu kusalimia. Wageni walishangaa. Wengine walidhani wanapelekwa kuombwa kitu. Wakarudi na ndizi na mayai, wakaniambia Mama, watu wenu ni wazuri sana.

Halafu ukaja mwezi ule. Kwanza gari la vijana wa Nairobi lilivunjwa wakiwa mtoni, wakaibiwa kamera na kompyuta. Wiki iliyofuata likaja la pili, kufuli imekatwa vile vile, na la tatu likawa la familia yenye watoto wadogo, wakaibiwa hata viatu. Kila mara mchana, kila mara wenyewe wametoka. Habari zikaenea kwenye simu za wageni kwamba kwangu hakufai. Watu waliokuwa wameahidi kuja wakaacha kuja. Nilikuwa na mlinzi mmoja, na uwanja huo ndio uliokuwa unanilisha mimi na kulipia wanangu shule. Nikaona unaniponyoka hivi hivi.

Nilimwita Fundi atazame zile kufuli zilizokatwa. Alichuchumaa, akaokota kipande, akakipitishia kidole taratibu. "Hii ni grainda ndogo ya betri," akasema. "Mtu hajui kazi vizuri. Anasukuma, haachi chuma kipoe. Lakini hii ya tatu amekata vizuri kidogo. Anajifunza." Alisema kama mwalimu anayesahihisha daftari, na mimi nikamtazama vile anavyokishika kile kipande.

Kisha akashauri kila gari liwekwe komeo la nje, la chuma, na kufuli ya dakika ishirini. Nikanunua kwake kumi. Nikiwa nazirudisha nyumbani kwenye boda nikawaza: huyu anajua kila gari lilivyofungwa, kwa sababu ni yeye aliyelifunga. Anajua nani ametoka na nani yupo. Na sasa ndiye anayeniuzia dawa. Neno hilo, ningelibaki nalo tumboni, labda lingekufa humo. Lakini mimi mdomo wangu haukai. Nilipokuwa dukani kwa jirani, watu wakiniuliza habari za wezi, nikasema, "Ni mtu anayejua kazi. Mnamjua nani hapa anayejua kukata kufuli?" Mmoja tu aliguna. Nikachukua unga wangu nikaenda.

Baada ya siku hiyo, Fundi alipopita akisalimia, wengine waliitikia kwa kuchelewa. Aliliona. Aliniambia, "Mama Kambi, watu wa huku wamekuwa wazito siku hizi." Nikamwambia ni jua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Kambini kulikuwa na gari moja tu, la mzee mmoja mzungu na mkewe, watu wastaafu waliokuwa wanaizunguka Afrika polepole. Mzee alikuwa ameingia msituni na mlinzi wangu kutafuta ndege fulani. Mkewe aliumwa kichwa akabaki amelala garini. Na yule mzee, kwa kuwa nilikuwa nimemkazia tangu siku ya kwanza kwamba asitoke bila kufunga komeo la nje, alifunga kwa mazoea, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake. Madirisha ya gari yalikuwa na vyuma kwa kuogopa wezi. Mimi nilikuwa mjini.

Fundi nilikuwa nimemwambia aje Alhamisi kubadilisha kufuli ya geti. Alikuja Jumatano kwa sababu alikuwa na kazi jirani. Alikuta uwanja mtupu, na akasikia mtu anagonga ndani ya gari, anagonga kidogo, kama mtu aliyechoka. Akasogea. Akanusa gesi. Mpira wa jiko ulikuwa umechomoka.

Haya yote niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi, nilipoteremka kwenye boda pale getini, ni mgongo wake. Ameinama mlangoni pa gari la watu, mkasi wa njano umelala kwenye nyasi, na hakuna shahidi, hakuna liguru, hakuna mtu. Mtu ambaye kazi yake ilisikika mpaka barabarani alikuwa anakata kimyakimya, kwa hakso, ule msumeno mdogo wa mkono, huku anamwagia maji. Mkasi haungeweza kuikata kufuli ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniuzia. Grainda asingeithubutu, maana cheche moja ingelilipua gari na yule mama ndani. Kwa hiyo aliiacha kufuli, akawa anakata chuma cha komeo, polepole, kwa mkono, katika utulivu ambao kwa mtu aliyesimama mbali ulikuwa utulivu wa mwizi.

Kutoka getini mpaka kwenye gari ni kama hatua arobaini. Ningemwita. Ningesema Fundi, neno moja, angegeuka akanieleza. Nimezipiga hatua hizo mara nyingi tangu siku hiyo, nazihesabu, na kila mara ni arobaini. Sikuzipiga siku ile. Niliweka mkono mdomoni nikapiga nduru.

Nduru haina maneno. Ni sauti tu, ndefu, inapanda, na mwanamke yeyote wa huku anaijua tangu utotoni. Ukiipiga, anayelima anaacha jembe, au analibeba. Watu walitoka kwenye mahindi, wakatoka dukani, wenye boda wakazima pikipiki. Hata dakika tatu hazikuisha. Wakaniuliza, "Yuko wapi?" Nilinyoosha mkono.

Na yeye hakugeuka! Alisikia miguu inakuja, akapiga kelele bila kuacha kukata, "Njooni haraka! Haraka! Leteni nyundo!" Mimi nikadhani anaita wenzake.

Sitaeleza walichofanya. Nilisikia mlio mmoja wa chuma, mkasi wake wenyewe ukimwangukia mkononi, nikaziba masikio. Walikuwa wameanza kutafuta petroli. Kilichowasimamisha ni kwamba komeo lilikuwa limebakia uzi tu, na yule mama mzungu alikuwa bado anasukuma kwa ndani. Likakatika. Mlango ukafunguka, akaanguka nyasini akitapika, na harufu ikatoka, ikatufikia sote. Mtu mmoja akasema, "Haki, ni gesi." Kisha wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kukimbia. Polisi walipokuja kuuliza, kila mtu alikuwa amefika wa mwisho.

Mama mzungu alipona. Fundi alikaa hospitali wiki nyingi, na mara mbili nilikwenda nikamkuta amelala, nikaweka matunda kando ya kitanda, nikashukuru Mungu kwamba amelala. Kisha watu wa kwao wakamchukua wakampeleka nyumbani. Wezi wenyewe walikamatwa mji mwingine, wawili, na grainda ndogo ya betri kwenye mkoba. Niliposikia hivyo nilikaa chini jikoni, sikuinuka mpaka ugali ulipoungua.

Ilinichukua miezi minane kwenda Malinya. Nilikwenda kusema. Njiani kote nilijipangia maneno: Fundi, ile nduru ilikuwa juu yako, nilikuona nikakuita mwizi moyoni, ni mimi niliyenyoosha mkono. Nilikuwa tayari anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze.

Nilimkuta mlangoni pa jikoni amekaa kwenye kigoda, anajaribu kufungua na kufunga spana kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani, vidole vimepinda ndani. Amekonda. Aliponiona aliinuka kwa haraka mpaka kigoda kikaanguka, akaanza kucheka kile kicheko chake, akamwita mkewe, akamwita jirani aliyekuwa anapita na sepetu yake akienda kuchimba dhahabu.

"Njoo umwone! Si nilikuambia? Huyu ndiye Mama Kambi. Huyu ndiye aliniitia watu!"

Sikuelewa. Jirani akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikuwa peke yangu pale," Fundi akaendelea kumweleza, na ilionekana amemweleza mara nyingi. "Nakata, mkono umechoka, yule mama ndani ameacha kugonga. Nikasema huyu amekufa. Halafu nikasikia nduru. Sauti ya Mama Kambi, ningeijua popote. Nikasema, sasa tumepona, watu wanakuja." Akanigeukia. "Wale walikosea, Mama. Hawakuuliza. Lakini wewe ulifanya vile mtu anafaa kufanya."

"Fundi," nikasema. "Siku ile mimi..."

"Ngoja. Kwanza ukule."

Walichinja kuku. Nilikaa pale wakati wote wa kumpika, nikizungumza habari za mvua. Chakula kilipoiva, mkewe, mama mmoja mpole ambaye hakuwa amesema zaidi ya salamu, alinitoa nje kuninawisha mikono. Alimimina maji polepole, akiwa ameinamisha kichwa.

"Wale walimpiga, wawili ni wakwe zetu," akasema kwa sauti ya chini. "Walikuja kuomba msamaha. Walituambia nani aliwaonyesha."

Maji yaliendelea kumwagika. Nikamwambia nimekuja kwa sababu hiyo, nimekuja kumwambia mwenyewe.

"Hapana."

"Mama, lazima nimwambie."

"Yeye akisikia watu wengi pamoja anatetemekanga mpaka anakojoa. Kitu kinamtulizanga ni moja tu. Anasema, kuna mtu aliniitia watu. Anasema hivyo mpaka anapoa." Akaniinulia macho, makavu kabisa. "Wewe ukimwambia utaenda kwako umepumzika. Mimi nitabaki kumwambia nini?"

Akanipa kitambaa nikajifuta. "Ingia ukule," akasema.

Obusuma, ugali wetu, ilikuwa imewekwa katikati, inafuka moshi, na ingokho, yule kuku, kwenye bakuli. Fundi aliukoroga mchuzi kwa kijiko mkono wa kushoto, akitafuta, mpaka akaipata firigisi, ile tunayoita imondo, ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye boma, na mama yangu alikufa bila kuionja. Ilimponyoka mara mbili. Ya tatu akaifikisha kwenye sahani yangu.

"Mwanamke?" jirani akauliza, akicheka kwa mshangao.

"Huyu," Fundi akasema. "Hii ni yake."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Nikaichukua nikatia mdomoni. Ilikuwa ngumu, kuku alikuwa wa zamani, nikaitafuna muda mrefu, na Fundi akanitazama anatabasamu mpaka nilipomeza.